Madaftari ya Waliokosea

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Inspekta Lois Mkamburi alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya stoo ya Shule ya Msingi Reli Juu, mjini Voi, akipima sanduku tupu la mbao.

"Upana, sentimita arobaini na nne," alisema. "Urefu, sitini. Andika."

Konstebo Oluoch aliandika. "Na betri yenyewe?"

"Arobaini na tatu kwa hamsini na tisa. Fundi Kilonzo alilitengeneza sanduku liibane betri isitikisike. Betri ikiwa humu, hata kidole hakipiti."

"Na hiyo inamsaidia vipi mzee wetu?"

"Bado sijui."

Betri hiyo ya sola, iliyoendesha pampu ya kisima, ilikuwa imegunduliwa haipo Jumatano alfajiri. Tangu siku hiyo watoto mia sita walikuwa wakija shuleni na madumu ya maji kutoka kwao. Mzee Wabwire, mlinzi wa usiku, alikuwa seli tangu jana adhuhuri. Leo Ijumaa, saa nane mchana, angepelekwa mbele ya hakimu. Bodi ya shule ilikwisha kutoa neno: akisomewa mashtaka tu, kazi imekwisha, na chumba cha mlinzi alichoishi na mkewe Kavetsa kitafungwa siku hiyo hiyo. Alikuwa amebakisha miezi minne astaafu.

Kwenye karatasi, kesi ilikuwa nyepesi. Kufuli halikuvunjwa. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, mchana ukikaa katika ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu, jioni ukikabidhiwa mlinzi. Naibu, Mwalimu Reuben, alikuwa ameandika taarifa fupi na safi: *Jumanne saa kumi jioni nilifunga stoo. Betri nilijionea mwenyewe ikiwa katika sanduku lake. Nikamkabidhi Wabwire ufunguo.* Kwa hiyo betri iliondoka usiku, na usiku ule mwenye ufunguo alikuwa mmoja.

"Mkubwa, si tungeanza na fundi?" Oluoch aliuliza. "Alikuwa hapa Jumatatu na pikapu yake."

"Nilimpigia jana. Jumatatu alibadilisha bomba, akawaambia wasiwashe pampu siku mbili gundi ikauke. Jioni hiyo akaenda Mahoo kutengeneza pampu ya mkulima, akalala huko siku tatu. Mkulima, mke wa mkulima na mwenye gesti wote wanasema alikuwa huko."

"Wote watatu?"

"Na deni la supu amewaachia." Lois alisimama, akapangusa magoti. "Lakini hiyo gundi inaniwasha. Siku mbili pampu haikuwashwa. Siku mbili hakuna aliyekuwa na sababu ya kuja kuitazama betri."

Oluoch aliacha kuandika.

"Twende kwa naibu," Lois akasema.

Mwalimu Reuben aliwapokea vizuri, akawamiminia chai kabla hawajaombwa kukaa. Alikuwa mtu mnadhifu, shati jeupe, tai, miwani safi. Juu ya kabati lake trei za mayai zilikuwa zimepangwa hadi karibu na dari.

"Mimi mwenyewe inaniuma, Inspekta," alisema. "Wabwire ni kama baba yetu hapa. Lakini niseme nini? Niliiona betri saa kumi. Asubuhi haipo."

"Uliiona vipi? Ulifungua sanduku?"

"Niliinama nikaangalia. Ilikuwa ndani."

"Una uhakika ni Jumanne?"

"Kama ninavyokuona wewe."

Simu yake ilitetemeka mezani. Akaomba radhi, akageukia dirisha. "Imepotea tena? Saa ngapi? ... Funika na blanketi. Geuza trei polepole." Akarudi akitabasamu kwa uchovu. "Stima za huku kwetu Chawia, afande. Leo iko, kesho haiko."

Lois alimaliza chai yake, akashukuru, akatoka.

Uani, Oluoch alianza kuzunguka nyuma ya jikoni kutafuta nyayo. Kulikuwa na matangi mawili: moja jeusi la plastiki lililojengewa jukwaa, na jingine la chuma, kuukuu, la enzi za treni za mvuke, lililolala chini kwa ubavu likiwa na tundu pana upande wa nyuma. Mbele yake kilisimama kibao: HATARI! NYUKI WAKALI.

"Msisogee hapo, afande!" Mwalimu Reuben aliita kutoka mlangoni. "Wamehamia juzi. Hata sisi hatupakaribii."

Oluoch alirudi nyuma hatua tano bila kuambiwa mara ya pili. "Mimi nyuki hapana, mkubwa. Nyoka sawa, mwizi sawa. Nyuki hapana."

Lois hakucheka. Alikuwa amerudi chini ya dirisha la stoo, akitazama kitu karibu na mguu wake. Lilikuwa jiwe la ukubwa wa kichwa cha mbuzi, limepakwa chokaa, na juu yake namba kwa rangi ya buluu: 17. Alitazama kulia. Hatua kumi, jiwe jingine: 18. Penye mti wa mwarobaini, 22. Kando ya tangi la chuma, 30.

"Oluoch. Haya mawe ni ya nini?"

"Mapambo?"

"Mapambo hayaandikwi namba."

Mwalimu kijana alikuwa akipita na rundo la madaftari kifuani. Lois alimsimamisha. Jina lake lilikuwa Wendy, naye alifundisha Kiingereza katika Gredi ya Nne.

"Haya mawe ni yangu," alisema haraka, kama mtu aliyekamatwa. "Yaani, ya darasa langu. Mwalimu mkuu anajua."

"Hujakosa lolote, mwalimu. Yanafanya nini?"

"Ni ya vihusishi. *In, on, under, behind, between.*" Alisogeza madaftari yasianguke. "Watoto wetu vinawasumbua. Sisi kwa Kiswahili tunasema kitu kiko stooni, basi, msikilizaji ajaze mwenyewe. Kidawida, lugha ya huku, ni karibu hivyo hivyo. Kiingereza kinakudai useme: ndani, juu, chini, nyuma? Nikiwafundisha darasani wanakariri tu. Kila mtu anaandika kitabu kiko juu ya meza, hata meza yenyewe haina kitabu. Ndiyo nikatafuta mawe. Kila mtoto ana jiwe lake, yote arobaini na moja. Anakaa hapo kimya dakika thelathini, anaangalia mbele yake, anaandika sentensi tano za vitu anavyoviona. Na kila sentensi lazima iwe na mchoro."

"Mchoro wa nini?"

"Ili akikosea neno, bado nijue aliona nini."

Lois aliligeukia tena jiwe la kumi na saba. Sauti yake ilipanda.

"Mwalimu Wendy. Mara ya mwisho mlifanya lini?"

"Kwa kawaida ni Alhamisi. Lakini wiki hii Alhamisi ilikuwa ya michezo, nikabadilisha. Tulifanya Jumanne."

"Jumanne saa ngapi?"

"Saa tatu. Tatu hadi tatu unusu."

"Ulimwambia nani kwamba umebadilisha?"

"Sikumwambia mtu. Tulitoka tu, na kimya ndiyo sheria ya kwanza."

"Na hayo uliyobeba ni..."

"Ndiyo hayo. Nimeyasahihisha, narudisha leo kabla hatujafunga saa sita. Ni mapumziko ya katikati ya muhula."

Lois alimtazama Oluoch. Oluoch alitazama mawe, kisha madaftari, kisha mawe tena.

"Mashahidi arobaini na mmoja," alisema polepole. "Na wote wameandika tarehe juu ya ukurasa."

"Nipe namba kumi na saba," Lois akasema.

Walikaa kwenye sakafu ya baraza ya darasa, madaftari yakiwa katikati yao. Namba kumi na saba lilikuwa la mtoto aitwaye Nyongesa, ambaye jiwe lake lilikuwa chini ya dirisha la stoo, dirisha la chini kiasi kwamba hata mtoto aliyekaa huona ndani. Tarehe ilikuwa ya Jumanne. Sentensi ya tatu ilisema: *The broom is in the box.* Chini yake, kwa penseli iliyokazwa sana, palichorwa sanduku lenye alama ya radi ubavuni, na ufagio umesimama ndani yake, mpini ukielekea juu.

"Alama ya radi," Oluoch alinong'ona. "Ni sanduku la betri."

"Ufagio umo ndani?"

"Labda mtoto hakujua neno. Labda ulikuwa nyuma. Mimi mwenyewe Kiingereza changu..."

"Sahau neno. Tazama mchoro. Ubao wa mbele umeukata ufagio katikati. Kilicho chini hakuchora kwa sababu hakukiona." Lois aliweka kidole hapo. "Umeandika nini asubuhi hii?"

Oluoch alifungua kijitabu chake. Akasoma. "Hata kidole hakipiti."

"Kwa hiyo Jumanne saa tatu asubuhi sanduku lilikuwa tupu. Saa kumi jioni Mwalimu Reuben aliinama akaona nini?"

"Tumkamate?"

"Atasema alichanganya siku. Atasema mtoto alichora ndoto. Nataka betri yenyewe. Na ina kilo ishirini na tano, haikuruka." Alitazama saa: nne kasorobo. "Soma yote. Mimi nusu, wewe nusu. Chochote chenye gunia, kamba, toroli, gari."

Walisoma. Kurasa ziligeuka haraka. Mbuzi chini ya mwarobaini. Sufuria juu ya mafiga. Kiatu kimoja kati ya mawe mawili. Gari jeupe la naibu mbele ya ofisi. Dumu nyuma ya mlango. Oluoch alipata gunia, akapiga kelele, kumbe ni gunia la mkaa jikoni. Alipata toroli, kumbe halina gurudumu. Kila ukurasa ulikuwa na alama za vema, nyekundu, safi, tano kwa tano, nne kwa tano.

"Hili ni la jiwe la thelathini," Oluoch alisema. "*The cat is on the old tank.* Paka juu ya tangi kuukuu. Amelala, ona mkia."

Lois alikuwa akifungua daftari jingine. Mkono wake ukasimama hewani.

"Rudia."

"Paka amelala juu ya tangi la chuma."

"Na kibao cha nyuki?"

Oluoch alileta daftari karibu na macho. "Hakipo. Hajakichora."

"Mtoto amekaa hatua tatu kutoka tangi hilo dakika thelathini, hakuumwa. Paka amelala juu yake. Siku moja tu baadaye nyuki wamehamia, wakali kiasi cha kuhitaji kibao?" Alimgeukia Wendy. "Nani anaona nyuma ya tangi? Upande wa lile tundu."

"Hakuna. Jikoni inaziba, na mlango wa stoo uko upande huo huo." Wendy alifikiri. "Ila jiwe la mwisho. Arobaini na moja liko nyuma ya jikoni, kwa sababu nafasi iliisha."

Oluoch alihesabu rundo. Akahesabu tena. "Hapa yako thelathini na nane."

Uso wa Wendy uliiva. "Matatu nimeyaacha mezani. Ni ya waliokosea. Nilitaka kuongea nao kwanza, polepole. Sipendi mtoto apokee sifuri mbele ya wenzake."

"Mwalimu," Lois alisema, tayari amesimama, "ni hayo ninayoyataka."

Daftari la jiwe la arobaini na moja lilikuwa la Mutheu. Juu ya ukurasa palikuwa na sifuri ndogo, ya aibu, na kila sentensi ilikuwa na msalaba mwekundu. Pembeni Wendy alikuwa ameandika: *Andika vitu, si watu. Watu wanatembea.*

"Kiingereza chake hakina kosa," Wendy alisema. "Hilo ndilo linaniuma. Niliwaambia waandike vitu vinavyokaa, ili nikipita nihakikishe. Yeye akaandika mtu. Sentensi zote tano."

Sentensi ya kwanza: *The teacher is behind the old tank.* Mchoro ulionyesha mtu mwenye miwani na tai, ameinama, gunia begani. Sentensi ya pili ilikuwa ya mwalimu na gunia lake, na mchoro wake ulionyesha gunia hilo likiwa nusu ndani ya tundu la tangi. Katika mchoro wa tatu tundu lilikuwa limefunikwa kwa bati. Kwenye gunia Mutheu alikuwa amechora, kwa uangalifu wa mtoto mwenye muda wa dakika thelathini, kifaranga kimoja cha kuku.

"Trei za mayai," Oluoch alisema kwa sauti nyembamba. "Geuza trei polepole. Mkubwa! Ana mashine ya kutotoa vifaranga!"

"Na stima za Chawia leo ziko, kesho haziko," Lois akasema. "Kwa nini basi hajaiondoa?"

Wendy ndiye aliyejibu. "Jumanne Mzee Wabwire alikuja mapema kama kawaida yake. Huwa anakuja saa tisa, kabla ya zamu. Anakaa na redio yake pale kwenye benchi, mbele ya tangi. Na Jumatano mlikuwa mmefika nyinyi, na jana usiku askari wenu alilinda langoni."

"Na leo mnafunga saa sita. Ua utabaki mtupu." Lois alitazama saa. Tano na dakika tano. "Niitie Mutheu. Huku kwako, si ofisini. Wewe ukae naye."

Mutheu alikuwa mdogo kuliko Lois alivyotazamia, na soksi moja imeshuka. Alipoona daftari lake mkononi mwa polisi, alirudi nyuma hatua moja.

"Nilisahau, Teacher," alimwambia Wendy. "Nilisahau tusichore watu."

"Hujakosa, mama," Wendy alisema, akachuchumaa, akaivuta soksi ile juu.

Lois naye alichuchumaa. "Mutheu, sitaki unitajie jina la mtu. Nionyeshe tu ulikokaa."

Mtoto alinyoosha kidole kuelekea nyuma ya jikoni.

"Ulichochora, ulikiona au mtu alikuambia?"

"Nilikiona." Akafikiri. "Teacher anasema ukichora kitu hujakiona ni uongo."

"Vizuri sana. Rudi darasani. Hutaulizwa tena leo."

Walisubiri hadi mlango wa darasa ufungwe. Kisha Lois akamwomba mwalimu mkuu atoke ashuhudie, na akamtuma Oluoch amwite Mwalimu Reuben. Wote walikutana mbele ya kibao.

"Inspekta, nimekuonya kuhusu hapa," Reuben alisema.

"Umenionya. Rangi ya kibao bado inanukia." Lois aliokota fimbo. "Oluoch, uko tayari?"

"Mkubwa, si ungefikiria kwanza..."

Lois alilipiga tangi kwa nguvu zake zote. Chuma kililia uani kote. Oluoch alikuwa tayari ameruka ukuta mfupi wa jikoni na kofia ameivuta hadi shingoni. Madirisha ya madarasa yalijaa vichwa. Mlio ulififia, ukaisha. Hakuna kilichoruka isipokuwa kunguru mmoja.

"Rudi, bwana," Lois alisema. "Nyuki wamekwenda mapumziko ya katikati ya muhula."

Vicheko vilipasuka madirishani. Lois hakusubiri. Alizunguka nyuma, akavaa glavu, akaondoa bati, akaingiza mkono hadi begani. Vidole vyake vilishika kitambaa kigumu cha gunia. Akavuta. Oluoch, kofia ikiwa upande, alikuja akashika upande wa pili, wakatoa mzigo pamoja. Juu ya gunia kifaranga wa manjano aliwatazama, juu ya maneno *chakula cha vifaranga*. Ndani, betri. Lois alisoma namba ya kiwandani, mwalimu mkuu akailinganisha na karatasi ya Kilonzo, tarakimu moja baada ya nyingine.

"Ndiyo," mwalimu mkuu alisema. "Ni yetu."

Mwalimu Reuben alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena.

"Mayai mia tatu, Inspekta," alisema. "Mara mbili yameniozea yote. Usiku stima inakatika, asubuhi ni baridi. Nilisema nitaikopa tu, hadi..."

"Hadi lini?"

Reuben alitazama gunia.

"Na Mzee Wabwire?"

"Nilidhani watamwachilia," alisema kwa sauti ya chini. "Mzee kama yule. Nilidhani hawatampeleka mbali."

"Anapelekwa saa nane," Lois alisema. "Funguo za gari, tafadhali."

Katika buti kulikuwa na magunia matatu ya aina ile ile, na brashi ya rangi iliyokauka. Oluoch aliandika kila kitu kwenye orodha ya vielelezo: betri moja, gunia moja, bati moja, kibao kimoja, brashi moja. Mwishowe, alichukua bahasha na kutia daftari la Mutheu.

"Subiri," Wendy alisema. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi mwake. "Niisahihishe ile sifuri kwanza. Nitaifuta tu."

"Hapana, mwalimu. Likishakuwa kielelezo haliguswi. Hakimu lazima alione lilivyokuwa."

"Kwa hiyo atasoma kwamba nilimpa sifuri?"

"Atasoma kwamba uliwafundisha kuandika wanachokiona."

Wendy alitazama bahasha ikifungwa. Kisha akachana karatasi kutoka daftari lake la mpango wa masomo, akaandika *5/5*, akatia alama ya vema kubwa kiasi cha kujaza nafasi iliyobaki, akaikunja, akaenda darasani bila kuaga.

Kituoni, saa saba na dakika kumi, afisa wa zamu alirudisha juu ya kaunta mkanda, kofia, redio ndogo na kamba za viatu. Mzee Wabwire alivihesabu kwa macho. Alikuwa na mavumbi ya sakafu kwenye kiwiko kimoja. Nje ya mlango Kavetsa alisimama na bakuli lililofungwa kwa kitambaa, bakuli alilokuwa amesimama nalo tangu asubuhi.

"Nani amesema?" Wabwire aliuliza.

"Mtoto aliyepata sifuri," Lois alijibu. "Nitakueleza njiani. Gari lipo, tunakupeleka nyumbani upumzike."

Mzee aliinama kufunga kamba za viatu. Zilimchukua muda. Alipomaliza la pili, akaiwasha redio, akaisikiliza kidogo, akaizima.

"Saa ngapi sasa, afande?"

"Saba na robo."

"Betri imerudi?"

"Imeshapigwa picha za kesi. Kilonzo yuko njiani kuifunga."

"Basi nitawahi," Mzee Wabwire alisema, akavaa kofia yake. "Zamu yangu mimi huanza saa tisa."